Mwongozo wa programu: Sharti ukamilike na kwenda na wakati

MWONGOZO wa programu ya tarakilishi ni maandishi yanayomweleza mtumiaji kazi ya programu hiyo, namna ya kuitumia, mipaka yake na hatua za kuchukua inapogoma. Maandishi hayo huweza kuwa kitabu kilichochapishwa, kurasa za msaada zilizomo ndani ya programu yenyewe, au kurasa zilizowekwa mtandaoni. Vyovyote iwavyo, thamani yake hutegemea mambo mawili: kwamba yamekamilika, na kwamba yanalingana na programu ilivyo leo, wala si ilivyokuwa miaka mitatu iliyopita.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Programu nayo ni mali. Isipoandikiwa maelezo, maarifa ya kuitumia hubaki vichwani mwa wachache walioiunda, na wanapohama au kustaafu, maarifa hayo huondoka nao. Hata hivyo, katika kampuni na idara nyingi, kazi ya kuandika mwongozo huachwa hadi mwisho, na muda unapobana ndiyo ya kwanza kukatwa.

Wapo wanaodhani kuwa hasara ya mwongozo mbovu ni usumbufu tu. Kumbukumbu za miaka 40 iliyopita zaonyesha kwamba hasara hiyo huweza kuwa maisha ya watu.

Chimbuko la miongozo

Miongozo ilizaliwa pamoja na tarakilishi zenyewe. Mnamo 1946, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilichapisha kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kuhusu uendeshaji wa mashine ya Mark I. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa Grace Hopper, mwanahisabati aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji na ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika uundaji wa lugha za programu.

Hatua nyingine muhimu ilichukuliwa tarehe 3 Novemba 1971, tarehe iliyoandikwa kwenye toleo la kwanza la mwongozo wa Unix. Mfumo huo uliundwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell. Kila amri ilipewa ukurasa wake wenye mpangilio usiobadilika: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo, majalada yanayohusika, na sehemu ya kasoro zinazojulikana.

Sehemu hiyo ya kasoro ndiyo iliyoutofautisha mwongozo huo na matangazo ya biashara. Waundaji walikiri kwa maandishi pale ambapo programu yao ilipwaya. Doug McIlroy, aliyehimiza sana ubora wa mwongozo huo, alieleza baadaye kuwa kila toleo jipya lilipokaribia, wenzake walijikuta wakirekebisha programu zenyewe, kwa kuwa baadhi ya mambo yalikuwa ya aibu mno kuchapishwa. Kwa hivyo, kazi ya kuandika iligeuka kuwa njia ya kukagua.

Desturi hiyo ingali hai. Kanuni za mfumo wa Debian zinataka kila programu iwe na ukurasa wake wa mwongozo, na ukikosekana, upungufu huo huhesabiwa kuwa kasoro ya programu. Mradi wa OpenBSD nao huchukulia kosa katika mwongozo kwa uzito uleule wa kosa katika msimbo.

Ujumbe usioelezwa

Kisa kinachotajwa mara nyingi katika vyuo vinavyofunza uhandisi wa programu ni cha mashine ya Therac-25, iliyotumiwa kutibu saratani kwa mionzi. Mashine hiyo iliundwa na kampuni ya Atomic Energy of Canada Limited. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Canada walipigwa na mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki.

Mnamo Machi 1986, katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, mhudumu wa mashine hiyo aliona kwenye skrini ujumbe uliosema tu kwamba kumetokea hitilafu nambari 54. Mwongozo aliopewa haukueleza maana ya nambari hiyo. Skrini ilionyesha kuwa mgonjwa alikuwa amepata mionzi kidogo kuliko iliyokusudiwa. Kwa kuwa wahudumu walikuwa wamezoea kuona jumbe za hitilafu zisizo na madhara, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa huyo alipigwa tena, na akafariki miezi kadhaa baadaye. Mwezi uliofuata, ujumbe uo huo ulijitokeza katika hospitali iyo hiyo, na mgonjwa wa pili akaumia na kufariki.

Ilibainika kwamba nambari 54 ilimaanisha kuwa kipimo cha mionzi kilikuwa ama kikubwa mno au kidogo mno. Chanzo cha ajali kilikuwa kasoro katika programu pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya mitambo vilivyokuwa katika mashine za awali. Mwongozo haukuisababisha kasoro hiyo. Lakini laiti ungaliifafanua nambari 54 kwa sentensi moja, mhudumu angalikuwa na sababu ya kusita kabla ya kubonyeza kitufe.

Mfumo uliofichika

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na Wakenya. Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege aina ya Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuondoka Jakarta, Indonesia, na watu wote 189 waliokuwamo wakafariki. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya aina iyo hiyo ya shirika la Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa. Watu 157 walifariki, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa taifa jingine lolote.

Katika ajali zote mbili, programu iliyojulikana kama MCAS iliielekeza pua ya ndege chini mara kwa mara, kwa kutegemea kipimo kisicho sahihi kutoka kwa kifaa kimoja tu. Marubani waliokabidhiwa ndege hizo mpya hawakuwa wameelezwa kuhusu MCAS katika mwongozo wao. Ni baada tu ya ajali ya Indonesia ambapo mashirika ya ndege yalianza kufahamishwa kuihusu.

Mnamo Januari 2021, Wizara ya Haki ya Marekani ilitangaza makubaliano ambamo kampuni ya Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5. Katika makubaliano hayo, kampuni ilikiri kwamba wafanyakazi wake wawili walimdanganya mdhibiti wa usafiri wa ndege kuhusu MCAS. Kutokana na udanganyifu huo, miongozo ya ndege na vitabu vya mafunzo ya marubani nchini Marekani vilikosa habari za mfumo huo.

Kuna funzo la pili katika mkasa huo. MCAS ilipobuniwa, uwezo wake wa kusukuma kiwambo cha mkia ulikuwa mdogo, nyuzi 0.6 kwa mara moja. Wakati wa majaribio uliongezwa hadi nyuzi 2.5. Mfumo ulibadilika, lakini baadhi ya maandishi yaliyowafikia wadhibiti yaliendelea kutaja kiwango cha kale. Waliosoma waliamini kuwa wanaujua mfumo, kumbe walikuwa wakisoma habari za mfumo ambao haukuwapo tena.

Ukamilifu ni upi

Mwongozo kamili si lazima uwe mrefu. Katika miaka ya 1980, mtafiti John Carroll na wenzake katika kampuni ya IBM waliwachunguza watu waliokuwa wakijifunza kutumia tarakilishi kwa mara ya kwanza. Waligundua kuwa wanaojifunza hawasomi kitabu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huruka kurasa, hujaribu na hukosea. Miongozo mifupi iliyowaelekeza moja kwa moja kwenye kazi, na kuwasaidia kujinasua kutoka kwa makosa, iliwafaa zaidi kuliko mabuku mazito.

Ukamilifu basi hupimwa kwa maswali ambayo mwongozo unajibu. Daniele Procida, mtaalamu wa maandishi ya programu, amegawa maswali hayo katika makundi manne. La kwanza ni somo la anayeanza, linalomshika mkono hadi afanikiwe kufanya jambo moja. La pili ni maelekezo ya kazi mahususi, kwa mfano namna ya kubadilisha neno la siri. La tatu ni marejeleo, yanayoorodhesha kila amri na kila kitufe. La nne ni ufafanuzi wa sababu, unaoeleza kwa nini mfumo uliundwa ulivyoundwa. Mwongozo ulio na marejeleo matupu humwacha anayeanza gizani, na ulio na masomo matupu hauna faida kwa aliyebobea.

Zaidi ya hayo, kuna mambo matatu ambayo husahaulika mara nyingi. Mosi ni jumbe za hitilafu: kila ujumbe unaoweza kutokea kwenye skrini unapaswa kupatikana katika mwongozo, pamoja na maana yake na hatua ya kuchukua. Pili ni mipaka, yaani kile ambacho programu haiwezi kufanya. Tatu ni njia ya kurudi nyuma: mtumiaji akikosea, je, kosa hilo laweza kufutwa? Anayefuta rekodi za wateja wake kwa bahati mbaya huhitaji jibu hilo kabla ya jingine lolote.

Kwa nini miongozo huchakaa

Sababu kuu ni kwamba programu na mwongozo huishi mahali tofauti na hushughulikiwa na watu tofauti. Mwanaprogramu hubadilisha msimbo Jumatatu. Mwandishi wa mwongozo hupata habari mwezi mmoja baadaye, kama atazipata kamwe. Programu ikiharibika, watumiaji hulalamika siku iyo hiyo. Ukurasa wa mwongozo ukipitwa na wakati, hakuna king'ora kinacholia. Msomaji hujaribu, hushindwa, na mara nyingi hujilaumu mwenyewe.

Mabadiliko mengine huwa makubwa kiasi cha kufuta maktaba nzima. Microsoft Office 2007 ilipotolewa, menyu zilizozoeleka katika programu kama Word na Excel zilitoweka, na mahali pake pakawekwa utepe wa vitufe. Kila kitabu kilichomwelekeza mwanafunzi kwenye menyu za awali kikawa kinaeleza jambo ambalo halionekani kwenye skrini. Vivyo hivyo, lugha ya programu ya Python ilibadilika katika toleo la 3 lililotolewa Desemba 2008, hata amri ya kuchapisha maneno kwenye skrini ikaanza kuandikwa kwa njia tofauti. Toleo la 2 liliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini mifano yake ingali imetapakaa vitabuni na mtandaoni, nayo humkanganya anayejifunza leo.

Mabadiliko mengine hutoka nje ya programu kabisa. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ni mfano ulio wazi. Kabla ya Machi 2020, kiwango cha juu cha kutuma pesa kwa mara moja kilikuwa Sh70,000. Mwezi huo, janga la corona lilipobisha hodi, kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh150,000, kisha mnamo Agosti 2023 kikafika Sh250,000. Mwongozo wowote wa programu ya biashara ulioandikwa mwaka 2019 na kuitaja Sh70,000 umepitwa na wakati mara mbili, ingawa huenda aliyeuandika hakugusa hata herufi moja ya programu yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa nambari za simu. Kwa miaka mingi Wakenya walizoea nambari za rununu zinazoanza kwa 07. Mnamo 2019, nambari zinazoanza kwa 01 zikaanza kutolewa. Ukurasa wa msaada unaomwamuru mtumiaji kuandika nambari inayoanza kwa 07 humfanya mwenye nambari mpya kudhani kuwa huduma hiyo haikukusudiwa kwake.

Mbinu za kuuhuisha mwongozo

Mbinu ya kwanza ni kuuweka mwongozo pamoja na msimbo wa programu, katika hifadhi moja, ili mabadiliko ya kimoja yaonekane kando ya mabadiliko ya kingine. Miradi mingi ya programu huria, ukiwemo ule wa Django, haikubali kipengele kipya hadi kiletwe pamoja na maelezo yake. Kazi haihesabiwi kuwa imekwisha maadamu mwongozo haujaguswa.

Mbinu ya pili ni kuandika nambari ya toleo. Katika mwongozo wa Python, kipengele kipya huonyeshwa kilianza toleo lipi, na kinachokaribia kuondolewa huwekewa onyo. Msomaji mwenye toleo la zamani hujua mara moja ni maelezo yapi yanayomhusu.

Mbinu ya tatu ni kuiachia mashine kazi ya ukaguzi pale inapowezekana. Tangu 2001, Python imekuwa na chombo kinachosoma mifano iliyomo katika maandishi, kuiendesha, na kulinganisha matokeo na yale yaliyoandikwa. Mfano usiofanya kazi tena hugunduliwa kabla haujamfikia msomaji. Kuna vyombo vingine vinavyokagua viungo vya kurasa na kutaja vilivyokufa.

Mbinu ya nne ni kuandika kila jambo mahali pamoja tu. Kiwango cha pesa, ada au tarehe ya mwisho ikirudiwa katika kurasa kumi, siku itakapobadilika kurasa tisa zitarekebishwa na ya kumi itasahaulika. Ni heri jambo hilo liwe na ukurasa wake, na kurasa nyingine zimwelekeze msomaji huko.

Mbinu ya tano haihitaji chombo chochote: kila ukurasa upewe mwenyewe na tarehe. Mwenyewe ni mtu au idara inayowajibika. Tarehe ni siku ambapo ukurasa ulikaguliwa mwisho dhidi ya programu halisi. Kukagua si kusoma tu. Anayekagua huketi mbele ya tarakilishi na kufuata kila hatua kama ilivyoandikwa, ikiwezekana akiwa mtu ambaye hakuiandika.

Aidha, maswali yanayofika katika dawati la kuhudumia wateja ni hazina. Swali moja likiulizwa na watu ishirini kwa wiki, basi ama jibu lake halimo katika mwongozo, ama limefichika, ama si sahihi. Kurasa nazo zinapaswa kufutwa zinapokosa kazi, kwa sababu ukurasa wa zamani ulioachwa mahali pake humpotosha msomaji kuliko ukurasa usiokuwepo.

Suala la Kiswahili

Kwa watumiaji wa Kiswahili, mzigo ni maradufu. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya kazi za ofisini. Lilikuwa jambo la fahari, na lilidhihirisha kwamba lugha hii yaweza kuimudu istilahi ya teknolojia. Lakini kutafsiri vitufe na menyu ni hatua ya kwanza tu. Maandishi ya msaada ya programu kama hiyo yana maneno mengi zaidi kuliko yale yanayoonekana kwenye vitufe, na kila toleo jipya hubadilisha baadhi yake.

Vyombo vya kutafsiria programu huria vina njia ya kulikabili tatizo hilo. Sentensi ya asili inapobadilika, tafsiri yake haifutwi, bali huwekewa alama ya shaka. Hadi mfasiri atakapoithibitisha, mtumiaji huonyeshwa sentensi ya Kiingereza. Utaratibu huo huzuia upotovu, lakini pia hufichua ukweli: mradi usio na wafasiri wa kudumu hurudi polepole kwenye Kiingereza, sentensi baada ya sentensi. Fedha za kuzindua tafsiri bila fedha za kuitunza ni sawa na kujenga kisima bila kuweka akiba ya kukarabati pampu.

Wajibu wa wanunuzi na wasomaji

Serikali za kaunti, shule, hospitali na vyama vya ushirika hununua programu kila mwaka. Mnunuzi anapoandika mkataba, anafaa kuutaja mwongozo kama sehemu ya bidhaa: uwe katika lugha gani, ueleze jumbe zote za hitilafu, na usasishwe kila programu inapobadilishwa. Kuna viwango vya kimataifa vinavyoweza kutajwa katika mkataba, kikiwemo ISO/IEC/IEEE 26514 kinachohusu maandishi ya watumiaji wa programu, ambacho toleo lake la 2022 lilichukua nafasi ya lile la 2008.

Msomaji naye ana njia za kujikinga. Kabla ya kufuata maelekezo, atazame tarehe na nambari ya toleo, kisha alinganishe picha za mwongozo na skrini iliyo mbele yake. Zikitofautiana, asiendelee kwa kubahatisha hasa pale ambapo pesa au rekodi zinahusika. Akigundua kosa, aliripoti; kuuliza si ujinga, na ripoti moja huwaokoa wengi watakaofuata.

Tahadhari hiyo imezidi kuwa muhimu sasa ambapo watu wengi huuliza maswali yao kwa programu za akili bandia. Programu hizo hujibu kwa kutegemea maandishi yaliyokwisha kuandikwa, ya zamani na mapya. Ikiwa maandishi hayo yanataja kiwango kilichokwisha kubadilishwa au kitufe kilichokwisha kuondolewa, jibu laweza kuja kwa lugha safi na yenye uhakika, na bado likawa si kweli. Mwongozo uliohuishwa ndio unaoyasahihisha majibu hayo kutoka kwenye chanzo, na kazi ya kuuhuisha itaendelea kuhitaji mtu anayeketi mbele ya skrini, kufuata hatua moja baada ya nyingine, na kuandika kile anachokiona.